Dirisha lenye daraja A la Uingereza, je, litapoza nyumba ya Kigamboni?

"Habari, mhandisi. Naishi Leicester na familia yangu na mwaka huu tunabadilisha madirisha yote saba pamoja na mlango wa mbele. Fundi tuliyempata anasema madirisha yake ni daraja A, na kwa kuwa ni A hakuna haja ya kibali wala cheti chochote. Bei yake ni nzuri. Wakati huohuo tunajenga Kigamboni nyumba ya vyumba vinne, ya chini, na sebule inatazama magharibi kwa sababu ndiko barabara ilipo. Nimefikiria niagize seti ya pili ya madirisha hayohayo niyatie kwenye kontena, maana umeme wa AC Dar unaumiza. Binamu yangu aliyeko Minneapolis ananiambia nisihangaike na ya Uingereza: yake yana U ya 0.28 na haya yangu ni 1.4, kwa hiyo ya kwake ni bora mara tano. Nimechanganyikiwa. A si ni A popote, au vipi?"

Hapana, ndugu yangu, A ya Leicester si A ya Kigamboni. Herufi ile imetokana na swali moja tu: katika baridi ya Uingereza, dirisha hili litaipatia nyumba joto kiasi gani na litapoteza joto kiasi gani? Ukilivusha bahari hadi Dar es Salaam, swali linageuka juu chini. Nitakuonyesha kwa hesabu, kwa sababu pesa unayotaka kuitia kwenye kontena ni nyingi mno kuitoa kwa kuamini herufi. Lakini tuanze na Leicester, maana huko fundi anakusubiri.

Fundi wako amechanganya mambo mawili. Daraja A ni sifa ya dirisha kama lilivyotoka kiwandani. Kutimiza kanuni za ujenzi ni sifa ya kazi nzima: dirisha lenyewe, namna lilivyofungwa ukutani, hewa itakayoingia chumbani, usalama wa kioo kilicho karibu na sakafu, na njia ya kutokea moto ukizuka. England na Wales zimeiweka kazi ya kubadilisha madirisha chini ya kanuni hizo tangu Aprili 2002, na kuna njia mbili za kuifanya kihalali. Ya kwanza ni kumtumia fundi aliyesajiliwa kwenye mpango wa mafundi wanaojithibitishia kazi, kama FENSA au CERTASS. Huyo akimaliza kazi, halmashauri inaarifiwa na wewe unapewa cheti ndani ya siku 30. Ya pili ni ya fundi asiyesajiliwa: hapo maombi yanapelekwa Building Control, yaani wakaguzi wa ujenzi, kabla kazi haijaanza, ada inalipwa, na mkaguzi anakuja kuangalia kwa macho yake. Ubora wa dirisha peke yake haukuondolei wajibu huo.

Kukosa cheti hakuumi siku ileile. Huuma siku ya kuuza nyumba, wakili wa mnunuzi anapouliza karatasi za madirisha na wewe huna, na fundi hapatikani kwenye simu. Zaidi ya hapo, sheria ilibadilika baada ya mkasa wa Grenfell, lile ghorofa la London lililoungua mwaka 2017: halmashauri iliyokuwa na mwaka 1 tu wa kumtaka mwenye nyumba arekebishe kazi iliyokiuka kanuni sasa ina miaka 10. Basi mwulize fundi namba yake ya usajili, kisha uihakiki mwenyewe kwenye orodha ya mpango anaoutaja. Akianza kuzungukazunguka, mwache, hata kama bei yake imekupendeza.

Upande wa nishati peke yake, fundi yuko sawa. Tangu Juni 2022 England inataka dirisha jipya linalowekwa kwenye nyumba ya zamani liwe na U isiyozidi 1.4, au angalau daraja B. Mlango nao vivyo hivyo, U ya 1.4 au daraja B, ila ule ambao zaidi ya asilimia 60 ya uso wake ni kioo unakubaliwa hata kwa C. U ni kipimo cha kupitisha joto: idadi ya wati zinazopenya kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Ikiwa ndogo, ndiyo nzuri. Dirisha la A kwa hiyo linapita kwenye mtihani huo bila shida.

Jambo nitakalokuomba ulisimamie sana ni hewa. Madirisha ya zamani yalikuwa yanavuja, na kuvuja kule ndiko kulikokuwa kunatoa unyevu ndani bila mtu kujua. Mapya yanaziba kila kitu. Ndiyo maana kanuni zinasema nyumba isibaki na hewa pungufu kuliko ilivyokuwa, na ndiyo maana fremu nyingi mpya huja na mwanya mwembamba juu wenye kifuniko cha kutelezesha. Kipimo kinachotumika mara nyingi ni milimita za mraba 8,000 kwa sebule, chumba cha kulala na jiko, na 4,000 kwa bafu. Usimruhusu fundi auondoe mwanya huo ili apunguze bei. Nimeingia kwenye nyumba za watu wetu huko nikakuta mianya imejazwa karatasi na kuzibwa kwa gundi ya utepe kwa sababu "inaleta baridi", halafu nyuma ya kabati la nguo ukuta umeota ukungu mweusi hadi kiunoni na mtoto anakohoa. Nyumba inayopika ugali na maharage kila siku, inayoanika nguo ndani miezi mitano, na yenye watu sita wanaopumua usiku kucha, inazalisha maji mengi. Lazima yatoke.

Na vyumba vya kulala vya juu: dirisha jipya lisifunguke kidogo kuliko la zamani. Kipimo cha dirisha la kutokea wakati wa moto ni uwazi wa mita za mraba 0.33, na upande wowote usipungue sentimita 45. Mpimie fundi kwa mikono yako kabla hajaagiza.

Sasa tuje kwenye A yenyewe.

Hesabu inayotoa herufi hii Uingereza iko wazi kabisa. Inahitaji namba tatu. Ya kwanza ni g, yaani sehemu ya joto la jua inayofanikiwa kuingia ndani kupitia dirisha zima, kioo na fremu. G ya 0.45 maana yake asilimia 45 ya joto la jua inaingia. Ya pili ni U. Ya tatu ni hewa inayovuja kwenye kingo. Unazidisha g kwa 218.6. Unajumlisha U na kile kipimo cha kuvuja, unazidisha kwa 68.5. Kisha unatoa cha pili kwenye cha kwanza. Ukipata sifuri au zaidi, ni A (10 na kuendelea inaongezwa alama ya kujumlisha). Kati ya hasi 10 na sifuri ni B, halafu C na D kwa hatua za kumikumi, kisha E inaanzia hasi 30 hadi hasi 50.

Tazama alama zilizomo humo. Jua limewekwa upande wa mapato. Dirisha linaloingiza jua jingi linapanda daraja. Kwa Leicester mwezi wa Januari hiyo ni akili kabisa, kwa sababu jua likipiga sebule saa sita mchana ni joto la bure na boila inapumzika.

Tufanye mfano. Dirisha lenye g ya 0.45, U ya 1.4 na kuvuja kwa 0.01: mapato ni 98.4, matumizi ni 96.6, baki ni 1.8. A. Hilo ndilo dirisha la fundi wako, au ndugu yake wa karibu. Chukua fremu ileile, U ileile, kuvuja kulekule, ila badilisha kioo uweke kile kinachozuia jua, g ishuke hadi 0.25. Mapato yanakuwa 54.7, matumizi yanabaki 96.6, na jibu ni hasi 41.9. E. Hilo la E ndilo ningelichagua kwa sebule yako ya Kigamboni.

Nieleze kinachotokea ndani ya kioo, maana hapa ndipo wauzaji wengi hupotosha watu, wengine bila kukusudia. Dirisha la kisasa lina vioo viwili vyenye nafasi kati yake, na nafasi hiyo hujazwa gesi ya agoni. Kwenye uso mmoja wa kioo, kwa upande wa ile nafasi, kumepakwa utando wa metali, mara nyingi fedha, mwembamba kiasi kwamba huuoni. Utando huo huakisi joto la aina inayotoka kwenye vitu vya uvuguvugu: ukuta, kochi, redieta, mwili wako. Madirisha ya Uingereza kwa kawaida huwa na utando huo kwenye kioo cha ndani. Jua linapita, linapiga zulia, zulia linapata joto, na joto hilo likitaka kutoka linarudishwa na utando. Ni mtego wa joto uliotengenezwa kwa ustadi. Nchi za joto hutumia utando wa aina nyingine, na huuweka kwenye kioo cha nje. Karibu nusu ya joto la jua huja kwa miali ambayo jicho haliioni. Utando huu unairudisha miali hiyo nje na kuuacha mwanga upite. Vioo hivi viwili ukivishika mkononi unaweza kudhani ni kimoja.

Haya, tupeleke hesabu Kigamboni. Chukua sebule yako yenye kioo cha mita za mraba 4 kinachotazama magharibi, saa kumi jioni, jua limeinama na linapiga kioo moja kwa moja. Tuseme linaleta wati 600 kwa kila mita ya mraba. Nje ni nyuzi 32, ndani AC imeshikilia 25.

Kioo cha kawaida kimoja kina g ya 0.87 na U ya 5.8 hivi. Jua linaingiza karibu wati 2,090, na joto la hewa ya nje linapenya wati 160. Kioo cha A, chenye g ya 0.65 kwenye kioo chenyewe na U ya 1.2, kinaingiza wati 1,560 za jua na 34 za hewa ya nje. Kioo cha kuzuia jua chenye g ya 0.35 kinaingiza wati 840. Na kioo kilekile cha kawaida, cha bei ya chini kuliko vyote, kikiwa kimekingwa kivuli kamili kwa nje kikabaki na mwanga wa anga tu, tuseme wati 100 kwa mita, kinaingiza kama 350.

Rudia tena namba hizo polepole. U, ambayo ndiyo iliyokugharimu pesa Uingereza, imeokoa wati 126. Kivuli kimeokoa zaidi ya 1,700. AC ya BTU 12,000 huondoa joto la wati 3,500 hivi, kwa hiyo jua la jioni kwenye kioo kisichokingwa linakula zaidi ya nusu ya nguvu yake kabla haijaanza kumpoza mtu. Dar es Salaam tofauti kati ya ndani na nje ni nyuzi 7 au 8, tena hapo AC imewashwa. Leicester usiku wa baridi tofauti ni 20. U inafanya kazi pale tofauti inapokuwa kubwa. Kwetu pwani adui ni jua na unyevu.

Hapo nimezungumzia chumba chenye AC. Chumba kisicho na AC, ambacho ndicho watu wengi wa nyumba hiyo watalala ndani yake, kinahitaji kitu kingine kabisa: upepo. Dirisha lililofungwa likiwa na g ya 0.45 litakifanya chumba kuwa tanuri hata liwe na U ya namna gani. Kwa hiyo kabla ya kuuliza daraja, uliza dirisha linafunguka kiasi gani. Madirisha ya PVC ya Uingereza mara nyingi yana kioo kikubwa kisichofunguka na kidirisha kidogo juu kinachochungulia nje. Yale ya alumini ya kutelezesha yaliyojaa Dar yanafungua nusu tu. Luva zile za vioo, ambazo siku hizi watu wanaziona za kizamani, zinafungua karibu uwazi wote na zinapitisha hewa hata mvua ikinyesha. Kwa chumba kisicho na AC mimi bado nazipenda luva, na simwonei haya mtu kwa hilo.

Kuna na mambo madogo ambayo huyajui mpaka kontena limeshafunguliwa. Dirisha la Uingereza kwa kawaida hufunguka kwenda nje. Nyumba ya Kigamboni itakuwa na nondo, na itakuwa na wavu wa mbu. Ukiweka nondo nje, dirisha halifunguki. Ukiziweka ndani, wavu unauweka wapi, na mkono unapitaje kushika kitasa? Nimeona nyumba nzuri ambayo madirisha yake yaliyotoka Ulaya hayakuwahi kufunguliwa tangu siku ya kuhamia kwa sababu hiyo moja. Chuma cha bawaba na kufuli nacho: ukiwa karibu na bahari, chumvi itakitafuna kama si chuma kisichoshika kutu cha daraja linalofaa. Na PVC yenyewe, viwango vya Ulaya hutenganisha ile iliyotengenezwa kwa nchi zenye jua la wastani na ile ya nchi zenye jua kali, na ya Uingereza ni ya kundi la kwanza. Ungekuwa unajenga Arusha ningeongeza jambo la nne: kioo pacha kilichozibwa usawa wa bahari kikipandishwa mita 1,400 hewa iliyomo ndani inatanuka, kioo kinafura na kingo zake zinaumia. Kigamboni hilo halikuhusu.

Sasa binamu yako wa Minneapolis. Namba zake ni za kweli, ila vipimo ni tofauti. Marekani bado wanahesabu U kwa futi za mraba, nyuzi za Fahrenheit na BTU. Ili kuileta kwenye kipimo cha Uingereza unazidisha kwa 5.678. Kwa hiyo 0.28 yake ni sawa na 1.59 ya kwako. Dirisha lako la 1.4 linapoteza joto kidogo kuliko lake. Hata hapo usimcheke, kwa sababu maabara za nchi hizi mbili hazipimi kwa hali moja: Marekani huhesabu kana kwamba nje ni nyuzi hasi 18 za Selsiasi na upepo unavuma, wakati Ulaya hutumia hali ya upole zaidi. Tofauti ndogo kama hii haifai kubishaniwa.

Ila katika jambo moja Wamarekani wamekusaidia. Lebo yao, inayotolewa na NFRC, baraza lao la kupima madirisha, haina herufi. Inaweka kila kipimo peke yake: U, kisha SHGC ambayo ni dada wa g, kisha mwanga unaopita, na nyingine huongeza hewa inayovuja. Mnunuzi wa Miami anaangalia namba moja, wa Minnesota anaangalia nyingine. ENERGY STAR nayo, alama ya serikali yao kwa bidhaa zinazookoa nishati, imeigawa nchi kwa kanda. Tangu Oktoba 2023 dirisha la ukanda wa kusini linatakiwa liwe na SHGC isiyozidi 0.23 na U inaruhusiwa hadi 0.32, wakati ukanda wa kaskazini anakoishi binamu yako U inabanwa hadi 0.22. Ukitaka kujua Dar es Salaam inafanana na nani, tazama Miami: joto, unyevu, bahari. Dirisha la Minnesota lisivuke bahari kwenda Kigamboni, kama vile la Leicester.

Basi ningekuwa mimi, ningefanya nini na pesa yako?

Kwanza kabisa ningeomba ramani na kuuliza kama msingi umeshachimbwa. Kama bado, hata kuzungusha sebule au kuisogeza kunawezekana, na hakuna kioo duniani kitakachokupa faida ya namna hiyo. Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la mchana liko kaskazini, limesimama kama nyuzi 60; Desemba liko kusini, juu zaidi, nyuzi 73. Kwa kuta za kaskazini na kusini hiyo ni rahisi: upenu wa sentimita 70 unalifunika dirisha la urefu wa mita 1.2 mchana wa Juni, ukipimwa kutoka ukingo wa juu wa dirisha. Magharibi upenu wa kawaida hausaidii, kwa sababu jua la saa kumi na moja linaingia chini yake likiwa limelala. Hapo unahitaji kibaraza kirefu, ukuta wa matofali ya matundu mbele ya kioo, vibao vya mbao vinavyofunguka na kufungwa kwa nje, au mti. Mkungu unaotandaza matawi hufanya kazi kubwa, ukipandwa mbali ya kutosha na msingi. Wazee wetu wa Mombasa na Unguja walijua hili. Shata za mbao zenye vibao vya kuinama walizozitia madirishani zilikuwa zinazuia jua na kupitisha upepo kwa pamoja. Pazia la ndani ni msaada mdogo, kwa sababu linalipokea jua likiwa limeshaingia chumbani.

Upepo nao ufikirie. Kusi inavuma kutoka kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki. Sebule yako ya magharibi iko mgongoni mwa zote mbili. Bila uwazi upande wa mashariki na njia ya hewa kupita katikati ya nyumba, haitapata pumzi yoyote.

Halafu, umesema nyumba ni ya chini. Bati lililo juu ya sebule litakuunguza kuliko madirisha yote kwa pamoja kama halina kitu cha kuzuia joto juu ya dari. Kama bajeti inatosha kitu kimoja tu, anza na dari.

Vyumba viwili vitakavyowekwa AC kweli ndivyo ningevipa dirisha zuri: fremu ya alumini ya kufunguka yenye mpira unaoziba sawasawa ili unyevu usiingie, na kioo cha kuzuia jua chenye g kati ya 0.25 na 0.35. Kinaweza kuwa pacha au hata kioo kimoja, kwa sababu faida kubwa inatoka kwenye g. Mwombe muuzaji karatasi ya kiwanda yenye namba ya g na ya mwanga unaopita, usikubali neno "tinted" peke yake. Kioo cha kahawia kinachouzwa sana hupunguza mwanga mwingi lakini g yake bado iko karibu 0.6, kinalifyonza jua, kinapata moto wenyewe, halafu sehemu ya moto huo kinaimwaga ndani. Weka kiganja chako karibu nacho jioni, bila kukigusa, utausikia. Vyumba vingine vyote weka luva au madirisha ya kufunguka, kioo cha kawaida, wavu, na kivuli.

Kabla ya kufunga mpango huu, mpe ramani msanifu majengo aliyesajiliwa na bodi ya AQRB, aje kwenye kiwanja akiwa na dira, saa kumi jioni. Mimi nazungumza kwa maelezo yako tu. Yeye ataona mwembe wa jirani na ghorofa la mbele. Ukibaki na nia ya kuagiza chochote kutoka nje, uliza TBS, Shirika la Viwango Tanzania, masharti ya ukaguzi kabla mzigo haujapakiwa, si baada. Na Leicester, kama nyumba yenu ni flati au iko kwenye eneo la majengo yanayohifadhiwa, piga simu halmashauri kabla ya kutia saini popote, maana mlango wa flati unaotoka kwenye korido ya pamoja una masharti yake ya moto, na kubadilisha fremu kwenye eneo linalohifadhiwa kunaweza kutaka ruhusa nyingine kabisa.

Mwisho, ikiwa seti ya pili umeshailipia na hujui ni kioo gani ulichopewa, jambo hilo unaweza kulipima mwenyewe usiku huu. Zima taa, washa kibiriti cha gesi, ukishike mbele ya kioo kwa upande wa ndani. Utaona miali minne ya moto kwenye kioo, kwa sababu vioo viwili vina nyuso nne, na mmoja wa hiyo minne utakuwa na rangi tofauti na wenzake, kama wa waridi au wa kijani hivi. Hesabu kutoka kwako. Ukiwa wa pili, utando uko kwenye kioo cha ndani, basi hicho ni kioo cha kutunza joto. Ukiwa wa tatu, uko kwenye kioo cha nje. Hapo soma maandishi yaliyochapwa kwenye ule ukanda wa pembeni unaotenganisha vioo, uandike jina la kiwanda na tarehe, kisha uwaombe g yake kwa barua pepe.